Nilirekodi Bongo Fleva juu ya sendofu ya dada

*Video za muziki za televisheni zilikilea kizazi kizima cha vijana wa Tanzania. Leo kanda zake zinaota ukungu, na waliozitazama hawakubaliani hata kilichopotea ni nini.*

Fundi aliilaza kanda kifudifudi juu ya gazeti, akafungua skrubu zake tano, akainua kifuniko. Kwenye kingo za utepe mweusi palikuwa na ukungu mweupe, kama unga uliobaki kwenye nguo ya mpika maandazi.

"Ukiitia kwenye deki hivihivi, kaka, umeua hedi," alisema, akachovya pamba kwenye spiriti.

Kibanda chake kiko kwenye uchochoro wa Kariakoo, kimebanwa kati ya muuza kava za simu na mama wa supu. Mezani ana deki tatu. Moja inafanya kazi. Mbili amezifanya mizoga ya kukwangulia vipuri. Dukani hazipo tena. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuwa bado inaziunda, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016.

Ubavuni mwa kanda yangu kuna karatasi yenye mwandiko wa mama, wino wa bluu: SENDOFU 2001. USIFUTE. Pembeni yake kuna kipande cha selotepu kilichogeuka rangi ya chai ya rangi.

Waliotumia deki wanaijua selotepu ile. Kanda ya VHS ilikuwa na kijimeno cha plastiki ubavuni. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu yake. Mama alikivunja kwa ncha ya kisu siku ileile kanda ilipoletwa na mpiga picha. Mimi, mwaka 2004, nikiwa kidato cha pili, niliziba tundu lile kwa selotepu, nikaitumbukiza kanda, nikakaa mbele ya televisheni kusubiri saa ya video za muziki, kisha nikabonyeza kitufe chekundu.

Sendofu ya dada yangu mkubwa ilikatika pale ukumbi ulipoanza kumtunza.

Mhariri hakunituma kwa sababu ya kanda hiyo. Alinituma kwa sababu mwisho wa mwaka 2025 MTV ilifunga chaneli zake kadhaa za muziki mtupu nchini Uingereza, na habari hiyo ilipofika kwetu watu wazima wenye watoto, mikopo na vitambi walianza kuomboleza kana kwamba wamefiwa. Wengi wao hawakuwahi kuwa na MTV nyumbani. Swali la mhariri lilikuwa fupi: wanalilia nini?

Bara bila picha

Vijana wa leo hudhani unawatania ukiwaambia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena cha rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwenye picha nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Upande wa Bara, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ambayo nchi maskini inaweza kuisubirisha.

Kwa hiyo muziki tuliusikia, hatukuuona. Aliyetaka kumwona Pepe Kalle akicheza alikwenda kwenye banda la video, akatoa sarafu mlangoni, akabanana kwenye benchi na wengine hamsini.

Mwaka 1994 mambo yakabadilika kwa mkupuo. Ikaja ITV ya Reginald Mengi, ikaja CTN, ikaja DTV. Vituo vipya vina saa nyingi za kujaza na fedha kidogo, na video ya muziki ndiyo iliyokuwa chakula cha bei nafuu. Wakongo walikuwa nazo tele: Koffi Olomide, Wenge Musica, suti zinazometa, wacheza shoo wanaokatika kwa mpangilio kama gwaride. Ndombolo ilipoingia mwishoni mwa muongo ule, sisi watoto wa uswahilini tulikwishahitimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la Mengi la IPP likatuletea EATV, tuliyoiita Chaneli Faivu, kituo kilichowalenga vijana waziwazi. Kwa rika langu historia imegawanyika hapo: kabla ya Chaneli Faivu na baada yake.

Rudisha! Hapohapo! Usiguse!

Nyumba tuliyopanga Tandika, wilayani Temeke, ilikuwa na televisheni moja, ya baba mwenye nyumba. Ilikuwa ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, imewekwa juu ya kabati la vyombo kama mgeni rasmi. Antena ilikuwa nje, kwenye mlingoti wa mianzi uliofungwa kwa waya kwenye mwembe.

Picha haikuja yenyewe. Mtoto mmoja alisimama chini ya mwembe akizungusha mlingoti, wa pili akasimama dirishani kama mjumbe, wa tatu akawa sebuleni akitazama chenga. "Geuza! Zidisha! Umepitiliza, rudisha! Hapohapo! Usiguse!" Aliye nje akiondoa mkono, chenga zinarudi. Nimewahi kusikiliza nyimbo tatu nikiwa nimeukumbatia mlingoti.

Sebuleni palikuwa na sheria. Miguu imenawishwa. Watoto chini kwenye mkeka, watu wazima kwenye makochi, mwenye nyumba karibu na rimoti hata pale ambapo rimoti haikuwa na betri. Ukipiga kelele unatoka. Mzee akitaka taarifa ya habari, wimbo unakatwa katikati na hakuna wa kuguna. Waliokosa nafasi walitazamia dirishani, na kila dirisha la mtaani lenye televisheni lilikuwa na alama za mapaji ya uso kwenye nondo.

> Nimewahi kusikiliza nyimbo tatu nikiwa nimeukumbatia mlingoti wa antena.

Wimbo ulioupenda ulikuwa haukusubiri. Ungeweza kukaa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni usiuone, ukatumwa dukani kununua chumvi, ukarudi ukakuta ndiyo kwanza jina la mwongozaji linapotea kwenye kona ya skrini. Halafu kuna TANESCO. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 uliwahi kutumaliza wiki nzima. Tulikuwa tunaulizana shuleni wa mtaa gani ana umeme leo.

Sisi tulipata televisheni yetu wenyewe mwaka 2003, pamoja na deki, zawadi ya shemeji kwa wakwe zake. Ndiyo, shemeji yuleyule wa sendofu ile. Nilifuta sherehe ya mke wake kwa mashine yake.

Kaunta buku

Kila darasa lilikuwa na mtu wa kaunta buku. Ni daftari nene lenye jalada gumu ambalo mzazi alinunua kwa ajili ya Bayolojia, likaishia kujaa mashairi ya Bongo Fleva. Kwa kuwa huwezi kurudisha nyuma video ya televisheni, mistari iliandikwa kwa zamu: wewe chukua ubeti wa kwanza, mimi wa pili, Jumatatu tunaunganisha. Palipokosekana neno tulibuni. Hadi leo kuna nyimbo ninaimba maneno ambayo msanii hakuyatamka.

Maandishi ya kwenye kona ya skrini nayo tuliyasoma kwa makini kuliko mtihani: jina la msanii, wimbo, albamu, prodyuza, mwongozaji. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba P-Funk Majani na Bongo Records ni kitu kimoja, kwamba Master J ana studio yake, na kwamba mtu anayeitwa Adam Juma wa Visual Lab yuko nyuma ya video nyingi zilizotufanya tunyamaze. Mtoto wa miaka 14 wa Tandika alikuwa akibishana kuhusu uongozaji wa filamu bila kujua kwamba anabishana kuhusu uongozaji wa filamu.

Na tulijifunza mengine. Mlegezo ulitoka humo, kapelo iliyogeuzwa ilitoka humo, jezi za kikapu zilizofika magotini zilitoka humo, na mwalimu wa nidhamu akanunua mkasi mpya. Sheng ya Nairobi nilianza kuielewa kupitia nembo ya studio ya Ogopa Deejays. Rapa wao E-Sir nilimjua kwa sura kabla sijajua Nakuru iko wapi, na alipofariki Machi 2003, akiwa na miaka 21, watoto wa Temeke ambao hawajawahi kuvuka hata Chalinze walikaa na huzuni ya mtu wanayemfahamu. Kutoka Kampala alikuja Chameleone. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imefufuliwa kwa mikataba Arusha, lakini kwetu iliingia kupitia dirishani kwa baba mwenye nyumba.

Ipo jioni moja nataka kuikalia kidogo. Mwaka 2004 Ferooz alitoa wimbo Starehe, akiwa na Professor Jay. Ni masimulizi ya kijana aliyeponda maisha na sasa anakufa kwa UKIMWI, naye anazungumza na rafiki yake. Ulipoanza, mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alizoea kupita mbele ya skrini wakati wa nyimbo zetu, makusudi kabisa. Siku ile mikono yake ilisimama. Hakuna aliyesema neno hadi wimbo ukaisha. Mama akapuliza pumba, akaendelea na mchele, kisha bila kututazama akasema, "Mmesikia?"

Nyumbani kwetu hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote ya mzazi na mtoto kuhusu ugonjwa ule. Neno moja na ungo wa mchele. Ningemsomea mama kijitabu cha wizara, angenifukuza.

"Wewe ulikuwa umekaa"

Nilimpigia simu dada yangu, yuko Dodoma, nikitaraji tukumbushane. Televisheni iliingia Bara akiwa na miaka 17, umri wenyewe kabisa. Alinisikiliza nikisimulia kuhusu mkeka, mwembe na kaunta buku, kisha akanikata.

"Mdogo wangu, wewe unazikumbuka kwa raha kwa sababu ulikuwa umekaa. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Zile nyimbo za Wenge nazijua zote kwa masikio, lakini video zake nyingi hadi leo sijui zilikuwaje."

Nikanyamaza. Ni kweli. Katika kumbukumbu zangu zote za sebule ile, mabinti wanaonekana wakipita. Wanaleta maji, wanaondoa sahani, wanaitwa kabla ubeti wa pili. Dirishani usiku hawakuruhusiwa kabisa. Na walioonekana kwenye skrini, mara nyingi, walikuwa wasichana wa kutikisa kiuno nyuma ya msanii asiyewatazama. Wazazi waliokemea video zile hawakuwa wote washamba kama tulivyowaita. Mabishano hayo hayajaisha: Mei 2016 Serikali ilizuia video ya wimbo Chura wa Snura kwa sababu za maadili, na kwenye daladala watu waligawanyika vilevile walivyogawanyika miaka 15 kabla.

Wapo wanaopinga huzuni hii kwa sababu nyingine, nao ni wasanii wenyewe. Msanii mmoja wa enzi hizo, anayefanya biashara ya vifaa vya ujenzi sasa, alicheka nilipomwambia naandika nini. Alinieleza alivyokuwa akibeba kanda yake mkononi kuipeleka kituoni, akaketi mapokezi hadi jioni, akaambiwa kanda haina ubora. Akirudi na bahasha, ubora unapatikana. Wimbo wake ulipigwa miezi kadhaa. Hakuna aliyemlipa hata senti kwa kupigwa huko, na hakujua kwamba kuna mahali pa kuuliza.

Mahali palikuwapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA iliundwa kwa sheria hiyo. Lakini kati ya sheria kuwa kwenye karatasi na mirabaha kuingia mfukoni mwa msanii kulikuwa na safari ndefu, na wengi wa kizazi kile waliacha muziki kabla haijafika popote.

> "Akirudi na bahasha, ubora unapatikana."

Kwa mtu huyo, YouTube ilikuwa ukombozi. Kijana wa Tandale leo anapandisha video saa sita usiku bila kumwamkia mtu yeyote. Diamond Platnumz, kijana wa Tandale hasa, alianza kwa kugombea nafasi kwenye televisheni za watu. Mwaka 2014 akatwaa tuzo tatu za Channel O ya Afrika Kusini, na Juni 2020 akawa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni moja kwenye chaneli yake ya YouTube. Katikati ya hapo alianzisha televisheni yake mwenyewe. Ukimwambia kwamba mambo yalikuwa matamu zaidi zamani, atakuwa na haki ya kukuuliza, kwa nani?

Basi hoja ya waliokuwa na raha ni ipi? Nimewasikiliza wengi, na wakishamaliza kutaja nyimbo, wanarudi kwenye kitu kimoja: hawakuwa na la kuchagua. Mtu mwingine, asiyemjua, alikaa mahali fulani Mikocheni akaamua kwamba sasa ni TID, baada yake Saida Karoli, baada yake Mmarekani fulani mwenye meno ya dhahabu, na nchi nzima yenye umeme ikameza kwa mpangilio huo. Jumatatu asubuhi mlikuwa mmeona kitu kilekile. Mtoto wa Masaki na wa Tandika walikuwa na mada moja.

Ninakubaliana nao nusu. Mpangilio ule ulinilisha vitu ambavyo nisingevitafuta. Saida Karoli akiimba Kihaya kutoka Kagera asingenifikia kamwe kama ningekuwa na uwezo wa kuruka. Mwanangu wa miaka 13 ana simu inayomletea kile ambacho tayari anakipenda, tena na tena. Lakini mkono ule wa Mikocheni ulikuwa mkono wa binadamu, na binadamu ana ndugu, ana mabwana, ana njaa. Anayeusifu asisahau bahasha.

MTV tuliyoisikia kwa jirani

MTV yenyewe, inayoliliwa, ilianza New York tarehe 1 Agosti 1981 kwa wimbo Video Killed the Radio Star wa The Buggles. Afrika iliipata rasmi karibu miaka 24 baadaye: MTV Base ilizinduliwa Februari 22, 2005, na video ya kwanza kupigwa ilikuwa African Queen ya 2Face Idibia wa Nigeria. Channel O ilikuwa imetangulia tangu 1995. Zote mbili zilihitaji dishi na malipo ya kila mwezi, maana yake kwa watu wa kwetu zilikuwa hadithi ya mtoto wa mjomba anayefanya kazi bandarini. Kilichotuhusu ni fahari. Vanessa Mdee aliposhinda nafasi ya utangazaji MTV mwaka 2007, akawa Mtanzania wa kwanza kuishika, watu ambao hawana dishi walipongezana.

Zilifanya jambo jingine, ambalo si dogo. Ziliweka kipimo. Kuanzia hapo video ya kupigwa kwenye beranda ya rafiki na kwenye gari la kuazima ikaanza kuonekana ya aibu, na wasanii wakubwa wakaanza kupanda ndege kwenda Afrika Kusini kupiga video zao. Picha zikang'aa. Temeke ikatoweka kwenye fremu. Mimi, nikizitazama zile za zamani, hutazama nyuma ya msanii: kibanda cha chipsi, basi la DCM, ukuta wenye tangazo la kampuni ya simu iliyokwisha kufa, bibi aliyesimama asijue kwamba anapigwa picha. Hakuna aliyekusudia kuipiga picha Dar es Salaam ya mwaka 2002. Ilijipenyeza.

Chenga zilipozimwa

Mwisho wake una tarehe, angalau kwa Dar es Salaam. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa jijini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo, na mikoa mingine ikafuata kwa zamu kuanzia mwaka 2013. Asiyekuwa na king'amuzi aliamka Januari mosi akiwa na kabati lenye kioo. Mlingoti wa Tandika ulishushwa, mianzi yake ikafungiwa banda la kuku.

Intaneti ilikuwa tayari mlangoni. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam Julai 2009, simu za kugusa zikashuka bei, bando likawa neno la kila siku. Kusubiri kukaisha bila sherehe yoyote.

Kabati lina nini

Hapa ndipo ninapoachana na wote wawili, wanaolia na wanaocheka, kwa sababu wakati wanabishana kuna kitu kinaoza.

Video za Bongo Fleva za mwanzo zilihifadhiwa kwenye kanda. Kanda za Betacam, kanda ndogo za MiniDV, kanda za VHS. Kanda ilikuwa ghali, kwa hiyo ilirekodiwa juu yake. Nilichomfanyia dada yangu, vituo na studio vilizifanyia kazi zao wenyewe, kwa sababu ileile: kulikuwa na kitu kipya cha kurekodi leo. Nyingine zilihama na waandaaji waliohamia nje, nyingine ziko kwenye maboksi ya nyumba zilizokwisha kuuzwa. Hali ya hewa ya Pwani, joto na unyevu, ndiyo hasa ukungu unayoipenda.

Ingia YouTube utafute video ya mwaka 2001. Ukiipata, mara nyingi ni ukungu mtupu wa rangi, pembeni kuna nembo ya kituo, chini kuna salamu za watu zinazopita. Maana yake kilichobaki si video yenyewe. Ni mtu fulani, sebuleni kwake, aliyebonyeza kitufe chekundu.

> Kilichobaki si video yenyewe. Ni mtu fulani, sebuleni kwake, aliyebonyeza kitufe chekundu.

Msanii Albert Mangwea alifariki Mei 28, 2013. Langa, aliyetoka kwenye kundi la Wakilisha lililozaliwa na shindano la televisheni mwaka 2004, alifariki Juni 13 mwaka huohuo, siku 16 tu baadaye. Wana ndugu, wana mashabiki ambao walikuwa hawajazaliwa. Kumwona Mangwea akiwa kijana, akitembea, akicheka na wenzake kabla kamera haijawa jambo la kuogopa, kunategemea kanda za aina hii.

Kanda za redio zilipata watetezi: hazina ya muziki wa Radio Tanzania Dar es Salaam ilifanyiwa kampeni ya kuihamishia kwenye mfumo wa kidijitali zaidi ya miaka kumi iliyopita, na dansi ya kina Mbaraka Mwinshehe inaheshimiwa kama urithi. Video za kizazi kipya hazijafika hadhi hiyo. Bado zinaonekana mambo ya watoto, ingawa watoto wenyewe wana mvi, na wawili kati ya waasisi, Sugu na Professor Jay, waliwahi kuwa wabunge.

Hata pale ambapo kanda ipo na ni nzima, inakwamishwa na swali la nani mwenyewe. Kituo kinasema kanda ni yangu. Msanii anasema sura ni yangu. Mwongozaji anasema kazi ni yangu, sikumaliziwa hata hela. Mikataba ilikuwa ya mdomo, mingine ilifungwa kwenye baa. Kila mmoja ana hoja, na ukungu hausubiri hukumu. Rai yangu ni kwamba zihamishwe kwanza, kesi ziendelee baadaye. Faili la kidijitali likiwa kwenye shelfu halimnyang'anyi mtu haki yake. Kanda iliyooza inawanyang'anya wote watatu.

Saa mbili na nusu usiku

Fundi alimaliza kuisafisha kanda yangu taa za Kariakoo zikiwa zimewashwa. Aliifunga skrubu tano, akaitia kwenye deki ile nzima, akaiunganisha na kompyuta.

Dada alitokea akiwa na miaka 24, kilemba cha dhahabu, ameinamisha macho kama alivyofundwa. MC alikuwa anaita ukoo wa baba waje kumtunza. Watu wakaanza kupanga mstari, vitenge vinapepea. Mstari wa bluu ukakata skrini, picha ikatetemeka, akatokea Juma Nature.

Dakika 50. Chenga, salamu, tangazo la sabuni nililosahau kulikata. Nyimbo 11, tatu kati yake sijawahi kuziona tena popote. Kisha kanda ikarudi ukumbini: viti vimepinduliwa, wahudumu wanakusanya sahani za pilau, watoto wanagombania soda zilizobaki.

Nilimpigia dada.

"Bibi yumo?" aliuliza. Bibi yetu alimtunza siku ile akicheza ngoma ya kwao kuanzia mlangoni hadi mezani. Alifariki 2003, mwaka mmoja kabla ya selotepu yangu.

"Hayumo, dada."

Alikaa kimya kwa muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza nyimbo ni zipi. Nikamtajia. Akasema nimtumie zote, na tangazo la sabuni pia, maana safari hii ataziangalia amekaa.

Msomaji, kama una kanda ya zamani nyumbani, usiijaribu kwenye deki kabla hujaitazama pembeni kwa tochi. Ukiona weupe, mpelekee fundi kwanza. Isimamishe wima kama kitabu, mbali na sakafu na mbali na ukuta unaovuja. Ukishaihamisha, weka nakala mbili sehemu mbili, na ile kanda yenyewe usiitupe. Kama imeandikwa harusi, itazame hadi mwisho, pengine kuna kijana aliyepita na selotepu. Ila usichelewe sana. Fundi wa Kariakoo ana deki moja inayofanya kazi, na hedi yake imekwishabadilishwa mara mbili.